Ghala la Nyaraka Zetu, Ufunguo wa Nani?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuwaambia wafanyabiashara, lakini yawahusu pia walimu wakuu, wasajili wa vyuo, makarani wa mahakama na mawaziri. Taasisi yoyote ile huishi kwa nyaraka zake. Mwanafunzi aliyehitimu miaka 20 iliyopita hurudi akitaka cheti chake kithibitishwe ili apate kazi. Mwalimu anayestaafu huhitaji barua yake ya kwanza ya kuajiriwa ili alipwe pensheni. Mjane hutafuta hati ya shamba. Karatasi hiyo ikikosekana, haki ya mtu huyo hukosekana pamoja nayo.

Kwa miaka mingi nyaraka hizi zilikaa masjala, zikiwa zimefungwa katika majalada na kulindwa na karani aliyeijua kila rafu. Siku hizi zinahamia kwenye tarakilishi. Mahakama jijini Nairobi zilianza kupokea kesi kwa njia ya mtandao Julai 2020, nayo Wizara ya Ardhi ikazindua mfumo wake wa Ardhisasa Aprili 2021. Vyuo vikuu vyetu navyo vimeweka tasnifu za wanafunzi katika hifadhi za kielektroniki. Hatua hizi ni za kupongezwa, kwani hakuna anayetamani kurudi kwenye makabati yaliyojaa vumbi na mchwa. Hata hivyo, kuna swali ambalo vikao vya zabuni huelekea kulisahau, nalo ni hili: tukishaziweka nyaraka zetu zote katika ghala la mtu mwingine, ufunguo atabaki nao nani?

Ili swali hili lieleweke, yafaa kwanza tuielewe bidhaa yenyewe. Programu za kusimamia nyaraka za taasisi hufanya kazi nne. Kwanza, huipokea hati, ama kwa kuipiga picha karatasi ama kwa kulichukua faili kutoka kwenye tarakilishi. Pili, huiandikia hati hiyo maelezo yake: ni nani aliyeiandika, lini, inamhusu nani, na sheria yataka ihifadhiwe kwa muda gani. Tatu, huiongoza hati kutoka meza hadi meza mpaka itiwe sahihi. Nne, huamua nani aruhusiwe kuisoma, kuibadilisha au kuifuta. Msomaji atatambua kwamba thamani kubwa imo katika maelezo na ruhusa hizo kuliko katika ile picha ya karatasi. Faili milioni moja zisizo na maelezo ni sawa na masjala iliyomwagwa sakafuni.

Biashara hii ina umri wa miaka zaidi ya 40. Kampuni ya FileNet ilianzishwa huko California, Marekani, mwaka wa 1982, ikawa inauza mitambo ya kuhifadhi picha za karatasi. Documentum ikafuata mwaka wa 1990, nayo ikapata wateja wengi miongoni mwa watengenezaji wa dawa, ambao ni lazima waiwasilishie serikali lundo la karatasi kabla ya dawa mpya kuruhusiwa. Walimu wa lugha watafurahi kusikia kwamba kampuni ya OpenText ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka wa 1991, ilichipuka kutokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Waterloo wa kuitia kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford katika tarakilishi. Kutafuta neno katika kamusi hiyo kulihitaji ufundi mpya, na ufundi huo ukageuka kuwa bidhaa.

Ilipofika karne hii, samaki wakubwa wakaanza kuwameza wadogo. Mwaka wa 2003 EMC ilitangaza kwamba inainunua Documentum kwa dola bilioni 1.7. Mwaka wa 2006 IBM iliinunua FileNet kwa dola bilioni 1.6, na mwaka uo huo Oracle ikaichukua Stellent kwa dola milioni 440. OpenText yenyewe iliinunua Hummingbird mwaka wa 2006 na Vignette mwaka wa 2009. Mnamo 2016 EMC nayo ikamezwa na Dell, na Dell haikukawia kuiuza Documentum kwa OpenText kwa dola bilioni 1.62, mauzo yaliyokamilika Januari 2017. Mwanzoni mwa 2023 OpenText ikaongezea Micro Focus. Majina yaliyokuwa yakishindana katika maonyesho ya biashara miaka ya tisini sasa yamelala katika kabati moja.

Hebu tumfikirie mteja aliyeichagua programu ya kampuni ya Interwoven baada ya kuipima vizuri na kuridhika nayo. Mwaka wa 2009 Interwoven ilinunuliwa na Autonomy ya Uingereza. Mwaka wa 2011 Autonomy ikanunuliwa na HP kwa zaidi ya dola bilioni 10, na Novemba 2012 HP ikatangaza kwamba inafuta dola bilioni 8.8 katika vitabu vyake, nyingi kati ya hizo zikitokana na ununuzi huo. Mwaka wa 2016 programu ile ikauzwa tena, safari hii kwa OpenText. Katika miaka saba mteja wetu alipita mikononi mwa wenye mali wanne bila yeye kuondoka kitini pake. Kila mmoja alikuja na bei zake, wanasheria wake na mipango yake ya siku zijazo, na hakuna aliyemuuliza mteja kama ameridhika.

Ni nini kinachowavutia wanunuzi kiasi hicho? Jibu ni kwamba mteja wa programu za namna hii ni vigumu kuhama. Hununua leseni mara moja, kisha kila mwaka hulipa ada ya matunzo, ambayo kwa kawaida ni yapata asilimia 20 ya bei ya leseni. Baada ya miaka kumi, nyaraka zake zimekuwa milioni kadhaa, maelezo yake yamepangwa kwa utaratibu unaoeleweka na programu ile tu, na makarani wake wamezoea vidirisha vyake. Kuhama kwataka fedha, mafundi na miezi mingi ya mashaka. Kwa hiyo hulipa na kunyamaza. Anayeinunua kampuni ya programu anajinunulia pia unyamavu wa wateja wake, na unyamavu huo huleta faida kila mwaka hata kama hakuna kipya kilichobuniwa.

Mbinu ya pili ya wauzaji ni kuingia nyumbani kwa mlango wa jikoni. Microsoft ilianza kuuza SharePoint mwaka wa 2001, na baadaye kidogo sehemu yake ya msingi ikatolewa bila malipo ya ziada kwa yeyote aliyenunua Windows Server 2003. Idara ndogo zikaianza zenyewe, bila ya zabuni wala kikao. Baada ya miaka michache, mkurugenzi alipotaka kuamua ni programu gani itumike katika taasisi nzima, alikuta uamuzi umekwisha kufanywa na mazoea. Ndipo malipo ya sehemu za juu yalipoanza. Sina maana kwamba programu hiyo ni mbaya, kwani mamilioni ya watu huitumia na kunufaika nayo. Nasema tu kwamba kitu kilichoingia bila hesabu huwa hakina siku ya kuhesabiwa.

Mbinu ya tatu ni ya ukodishaji. Zamani ulinunua programu ukaiweka katika tarakilishi yako, na ingawa mwuzaji angefilisika, ungeendelea kuitumia. Leo nyaraka hukaa katika mitambo ya mbali, ile inayoitwa wingu, nawe hulipa kila mwezi kwa kila mtumiaji. Box, iliyoanzishwa mwaka wa 2005, ilijenga biashara yake yote juu ya mtindo huo, na wakongwe wakalazimika kuufuata. Aidha, programu za zamani zinaondolewa polepole: Microsoft ilitangaza kwamba huduma zake kwa SharePoint za 2016 na 2019 zina mwisho wake tarehe 14 Julai 2026. Kukodi kuna manufaa yake, hasa kwa shule isiyo na fundi wala umeme wa kuaminika. Lakini wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri. Anayekodi hana budi kujua kwamba masharti yanaweza kubadilishwa na mwenye nguo.

Walimu wana mfano ulio karibu nao. Google ilikuwa ikizipa taasisi za elimu nafasi isiyo na kikomo ya kuhifadhi faili bila malipo. Vyuo duniani kote vikaitikia: vikahamisha barua pepe, mihadhara iliyorekodiwa, data za utafiti na kazi za wanafunzi. Februari 2021 kampuni hiyo ikatangaza kwamba nafasi isiyo na kikomo inakoma, na kwamba kila taasisi itapewa terabaiti 100 za kugawana. Kwa wateja wa zamani agizo hilo lilianza kutekelezwa Julai 2022. Kwa shule ndogo terabaiti 100 ni nyingi mno. Kwa chuo kikuu chenye watafiti wengi ilikuwa amri ya kufuta, kuhama au kulipa. Kampuni haikuvunja sheria yoyote, maana ilikuwa imetoa zawadi, na mtoa zawadi ana hiari ya kuipunguza. Kosa, kama lipo, ni la aliyejenga nyumba ya kudumu juu ya zawadi.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo, nayo ni programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila fundi kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kujivunia mojawapo. Katika upande wa programu za kuendeshea tovuti, ambazo ni ndugu wa zile tunazozijadili, palikuwa na programu huria iliyoitwa Mambo, iliyoanzishwa na kampuni ya Miro ya Australia. Mwaka wa 2005 watengenezaji wake walihitilafiana na kampuni hiyo juu ya nani aitawale. Agosti ya mwaka huo wakaondoka kwa pamoja, wakachukua nakala ya maandishi kama leseni ilivyowaruhusu, na Septemba wakatoa programu yao mpya. Waliiita Joomla, kutokana na neno letu "jumla", kwa maana ya wote kwa pamoja. Mambo ikafifia, Joomla ikaenea duniani. Waliotumia programu ile ya kwanza hawakupoteza tovuti zao, kwa sababu leseni ilikuwa imewaachia mlango wazi.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba uhuria ni dawa ya kila ugonjwa. Alfresco ilianzishwa Uingereza mwaka wa 2005 na John Newton, yule yule aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Documentum, pamoja na John Powell. Ilikuwa na toleo huria na toleo la kulipiwa, na sehemu zilizohitajiwa na taasisi kubwa zikawekwa katika hilo la pili. Mwaka wa 2020 nayo ikanunuliwa, na Hyland ya Marekani. Fauka ya hayo, programu isiyolipiwa leseni bado hutaka fundi, mtambo, umeme na mtu wa kuamka usiku inapokwama. Tofauti ni mahali fedha zinapokwenda. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta huhifadhi tasnifu na makala zao kwa kutumia DSpace, programu huria iliyotolewa mwaka wa 2002 na chuo cha MIT kwa ushirikiano na maabara za HP. Vyuo vingi nchini hufundishia kwa Moodle, iliyotolewa pia mwaka wa 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Fedha ambazo zingelipia leseni ng'ambo zaweza kumlipa kijana wa hapa nchini, na ujuzi anaoupata hubaki hapa.

Wauzaji wenyewe walijua kwamba wateja wanachoka kufungwa. Mwaka wa 2008 EMC, IBM na Microsoft walitangaza kwa pamoja utaratibu wa kuziwezesha programu zao kusomeana nyaraka, na mwaka wa 2010 shirika la viwango la OASIS likauidhinisha kwa jina la CMIS. Ulikuwa mwanzo mzuri. Lakini utaratibu huo haukugusa njia ambazo hati hupitia kutoka meza hadi meza, na hizo ndizo humfunga mteja kuliko kitu kingine. Mwaka wa 2017 wachambuzi wa kampuni ya Gartner wakalistaafisha jina la zamani la biashara hii na kuanza kuzungumzia "huduma za maudhui". Jina lilibadilika. Mkataba wa mteja na ada zake vilibaki pale pale.

Sasa pana wimbi jipya, la akili unde. Tangu mwaka wa 2023 karibu kila mwuzaji anatangaza msaidizi atakayesoma nyaraka zote za taasisi na kujibu maswali. Microsoft ilianza kuuza wake kwa kampuni kubwa Novemba 2023 kwa dola 30 kwa kila mtumiaji kila mwezi. Faida zake ni dhahiri: msajili ataweza kupata kwa dakika moja uamuzi wa kikao cha miaka kumi iliyopita. Hatari zake nazo ni dhahiri. Msaidizi huyo husoma kila hati ambayo mtumiaji ameruhusiwa kuisoma, na katika taasisi nyingi ruhusa hizo zilitolewa ovyo. Faili la mishahara, barua ya nidhamu ya mwanafunzi au ripoti ya daktari iliyokuwa imejificha katika kabrasha la mbali sasa yaweza kujitokeza mbele ya mtu aliyeuliza swali la kawaida. Zaidi ya hayo, taasisi ikizoea kuuliza badala ya kutafuta, itakuwa imeongeza kufuli jingine juu ya yale ya awali.

Sheria imeanza kuamka. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imempa kila mtu haki, katika kifungu cha 38, ya kupewa data zinazomhusu kwa mpangilio unaoweza kusomwa na mashine, na kuzihamisha kwingine. Kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data za mtoto kushughulikiwa, jambo ambalo kila mwalimu mkuu yampasa alijue. Katika Umoja wa Ulaya, sheria mpya ya data iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025 inawalazimisha wauzaji wa huduma za wingu kumruhusu mteja ahame, na inataka ada za kuhama zikome kuanzia tarehe 12 Januari 2027. Wabunge wetu wangefanya vyema kuichunguza sheria hiyo, kwani haki ya kuhama inayompa nguvu mteja wa Paris ingempa nguvu pia msajili wa chuo cha Eldoret au Mombasa.

Lakini hatuna haja ya kuingojea sheria. Mkataba wenyewe ni sheria baina ya wanaoutia sahihi, na kila taasisi yaweza kuandika humo mambo manne. La kwanza ni njia ya kutoka: mwuzaji akubali kuzirudisha nyaraka zote pamoja na maelezo na ruhusa zake, kwa muda uliotajwa na kwa bei iliyotajwa. La pili ni umbo la faili. Hati za kudumu zihifadhiwe katika umbo lililo wazi kwa wote, mathalani lile la PDF/A, ambalo limekuwa kiwango cha kimataifa tangu mwaka wa 2005 kwa ajili ya hifadhi za muda mrefu. La tatu ni bei ya mwaka wa nne na wa tano, kwa maana bei ya mwaka wa kwanza ni chambo. La nne ni ahadi kwamba masharti hayatabadilika kampuni ikiuzwa, au kwamba mteja ataruhusiwa kuondoka bila adhabu ikiwa yatabadilika.

Juu ya yote hayo, mlango wa kutokea ujaribiwe. Mara moja kwa mwaka taasisi itoe sehemu ya nyaraka zake, iziweke katika tarakilishi nyingine isiyo ya mwuzaji, na kumwomba karani atafute hati kumi. Akizipata, taasisi ingali na ufunguo wake. Asipozipata, ni heri kulijua hilo wakati mambo yametulia kuliko siku ya kesi au ya ukaguzi.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi, na kwamba mwalimu ana mzigo wa kumtosha. Hoja hiyo haina nguvu. Anayeandika alama za mtihani ni mwalimu, na anayedaiwa cheti kikipotea ni shule. Fundi atajua namna ya kuhifadhi, lakini ni mwalimu, msajili na mkutubi wanaojua kipi kihifadhiwe, kwa muda gani na kwa sababu gani. Wakikaa kando, maamuzi hayo yatafanywa na mwuzaji, naye atayafanya kwa kufuata maslahi yake, kama ilivyo haki yake.

Wanafunzi nao wana sehemu yao. Wanaosomea tarakilishi wafundishwe kuhamisha nyaraka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kwa bidii ile ile wanayofundishwa kuunda mifumo mipya, kwa kuwa kazi hiyo itahitajika maisha yao yote. Wanaosomea sheria, biashara na uhifadhi wa nyaraka wasome mikataba ya programu kama wasomavyo mikataba ya ardhi. Mtoto anayeingia darasa la kwanza leo ataomba nakala ya vyeti vyake karibu mwaka wa 2050. Kampuni zilizopo leo huenda wakati huo zikawa zimenunuliwa na kuuzwa mara kadhaa, na majina yake kusahauliwa. Shule yake itakuwa bado ipo, na ni shule hiyo atakayoiendea. Ni wajibu wetu tulio kazini sasa kuhakikisha kwamba karani atakayempokea ataweza kulifungua ghala mwenyewe.